Msaragambo wa shule uanze na madawati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea kijijini, na juu ya wanaojitolea kusaidia shule za msingi za vijijini. Mimi ni fundi seremala hapa Muheza, na nikiingia darasani jicho langu hutua kwenye dawati kabla halijaona ukuta.

Wageni wakija, wawe wa mjini au wa ng'ambo, kazi ya kwanza karibu kila mara ni kupaka rangi. Ukuta unang'aa, twiga anachorwa, picha zinapigwa, gari linaondoka. Sina ugomvi na twiga. Lakini ndani ya darasa hilohilo utakuta dawati la chuma limeachia pale lilipochomelewa, ubao wa kukalia umeshikwa na nati moja, watoto wamejibana upande ulio mzima na wa pembeni kabisa anaandikia pajani. Likizidi kulegea linatupwa nyuma ya darasa juu ya rundo la mengine, kisha shule inaandika barua ya kuomba mapya. Rundo hilo ndilo karakana yetu. Ukipata mtu wa kuchomelea, nati, na mbao zilizokauka, mengi yanarudi darasani wiki hiyohiyo.

Nasema mbao zilizokauka kwa makusudi. Dawati la msaada likitengenezwa kwa paini mbichi, mbao ikikauka inapinda, misumari inalegea, na mwaka hauishi kabla halijajiunga na rundo. Sisi tunaishi jirani na shamba la miti la Longuza, mitiki tunaipiga randa kila siku kwa milango ya watu wengine. Mabaki yake yanatosha kabisa kutengenezea mbao za kukalia watoto wetu.

Na kama lazima rangi ipakwe, basi ianze na ubao wa kufundishia. Ukishapauka, chaki inateleza na walioko nyuma wanabaki kukisia. Kuusugua msasa na kuupaka upya ni kazi ya siku moja.

Najua jibu la wazazi wenzangu: elimu ni bure, serikali ipo. Ni kweli ada imeondolewa tangu 2016. Lakini ruzuku ya uendeshaji ya wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zilitengwa kwa vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule yenye watoto 400 inabaki na kama shilingi 200,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Mwalimu mkuu hawezi kununua hata kitasa bila kupiga hesabu mara mbili. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi kuchanga au kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Kujitolea hakujakatazwa na mtu.

Vyoo ni habari nyingine. Kipimo kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kila mwanakijiji anaweza kwenda shuleni kwake akahesabu. Hapo seremala peke yake hafui dafu, anatakiwa mwashi, mchimbaji, na kamati ya shule inayosoma mapato na matumizi hadharani. Watu hawakuchoka msaragambo kwa uvivu. Wengi walichoka kubeba mawe na mchanga halafu wasisikie tena habari ya lile jengo.

Ombi langu kwa wenyeviti wa vijiji ni kwamba msaragambo wa shule upangwe likizo ya Juni. Masika yamepita, madarasa ni matupu, na machungwa yanauzwa, kwa hiyo hata asiye na ufundi anaweza kutoa hela ya nati. Mafundi tuitwe mapema tukague rundo kwanza, orodha ya vifaa ibandikwe ofisi ya kijiji, na wageni wanaotaka kusaidia waonyeshwe orodha hiyo kabla hawajanunua rangi.

Fundi Seremala,
Muheza, Tanga