Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kufuli kwanza, bastola smati baadae

Ndugu wanachama, salamu kwenu wote. Mambo ya ada mhazini atawasomea, mimi nabaki na hili lililotula muda karibu kila kikao mwaka huu, tuwekeze nguvu kwenye bastola smati, yaani zile zinazofyatuka kwa mwenyewe tu, au tukazane watu wafungie silaha walizonazo.

Bastola smati siikatai. Ile ya kampuni ya Biofire ya Marekani inasoma alama ya kidole na sura ya mwenyewe, mtoto akiokota haifyatuki, kitu kizuri kweli. Ila ilitangazwa kwa dola 1,499, na huko Marekani mikononi mwa raia kunakadiriwa kuwa na silaha zaidi ya milioni 390 ambazo karibu zote hazina kihisi chochote cha kumtambua mwenyewe, ndo hizo ziko kwenye droo na chini ya mito usiku huu. Alafu jimbo la New Jersey huko huko walishajaribu kulazimisha kwa sheria ya 2002, kwamba smati zikianza tu kuuzwa popote nchini basi baada ya miaka mitatu bastola zote za dukani kwao ziwe hizo, matokeo yake wenye maduka wakaogopa hata kuziweka, mpaka 2019 sheria ikabadilishwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani ni 48,830 na zaidi ya nusu walijiua wenyewe, sasa mwenye bastola akizidiwa na mawazo usiku, kihisi kitamkatalia vipi wakati kidole ni chake? Kufuli nalo halimzuii kama ufunguo anao yeye, nakubali, lakini ufunguo unaweza kukaa kwa mke, kwa kaka, kwa rafiki, mpaka hali itulie, kidole huwezi kumwachia mtu. Na kwa watoto na vijana utafiti wa 2005 ulishaonyesha, nyumba ambazo silaha imefungiwa bila risasi, na risasi zina kufuli lake pembeni, ajali na kujiua vilikuwa vichache. Kuficha juu ya kabati sio kufungia jamani, watoto wanajua kila kona ya nyumba.

Kwa hiyo kamati inaomba kura yenu leo, hela ya mradi wa mwaka kesho yote iende kwenye kufuli na sefu ndogo za wanachama. Ambaye nyumbani hana kufuli amuone katibu kabla hajaondoka, na haulizwi swali lolote.