Kampuni za malipo mtupe laibrari zinazoeleweka, sio faili la kwenye imeili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala ya ukurasa wa teknolojia iliyosema app nyingi za hapa nyumbani zinakrash sababu vijana tunalipua kazi. Kulipua kupo, sikatai, kuna wenzetu wanakopi na kupesti tu bila kusoma, ila kuna jambo hamkuligusa kabisa nalo ni laibrari (kodi zilizoandikwa tayari na wengine) kugombana vesheni, na ugomvi mwingine tunaletewa na watu wakubwa wenye ofisi za vioo.

Kwa ambao hawapo kwenye hii kazi, app hauiandiki yote mwenyewe, unachukua laibrari ya picha, ya kamera, ya kuongea na seva, na kila moja inakuja na ndugu zake, yaani ni kama umealika mtu mmoja kwenye shughuli akaja na ukoo mzima. Sasa unakuta laibrari mbili zinamtaka ndugu yule yule, moja inataka vesheni ya zamani nyingine ya juzi. Kwenye Android anaeamua ni Gradle, programu inayokusanya vipande vyote kuwa app, na yeye usipomwambia kitu desturi yake ni moja, anachukua vesheni kubwa ndogo anaitupa. Mara nyingi inakubali. Siku ikikataa ndo unamwona jogoo akiwika bado umekaa.

Mimi nilikua natengeneza app ya kikoba cha akina mama huku Mwanza, wanaweka hisa, wanakopa, daftari lao wanaliona kwenye simu. Kampuni moja ya malipo, jina naliacha, ikanitumia laibrari yao kwa imeili, faili moja la aar (laibrari ya Android iliyofungwa tayari) na pdf ya kurasa mbili. Nikalitia kwenye folda ya libs, ikabildi vizuri, yaani app ikaundika. Wiki iliyofuata nikaongeza CameraX, laibrari ya kamera, ili wapige picha risiti, hapo hapo eror nyekundu: Duplicate class, ListenableFuture, yaani klasi (kipande cha kodi) yenye jina hilo imejirudia. Nikafuta kashe, nikafanya clean, nikazima laptop nikawasha, si ndo tunavyofanyaga wote. Wapi.

Kumbe ndani ya lile faili walikua wameshindilia Guava (laibrari ya Google) ya zamani, na Guava inaibeba hiyo ListenableFuture humo humo, wakati CameraX inaileta kwa laibrari yake ndogo ya pembeni, vesheni 1.0. Klasi moja imeingia mara mbili kwa milango miwili. Dawa yake inachekesha, Google wenyewe waliitolea hiyo laibrari ndogo vesheni inaitwa 9999.0-empty-to-avoid-conflict-with-guava, na ndani hamna kitu, kopo tupu, kazi yake ni hiyo namba tu. Gradle akikuta 1.0 na 9999 anabeba 9999 maana ndo kubwa, na kwakua ni tupu inabaki ile klasi moja ya kwenye Guava. Mstari mmoja. Ulinila siku tatu.

Na hiyo afadhali maana inakataa mapema, mbaya ni inayobildi. Ile pdf yao ilisema niongeze logging-interceptor 3.12.0, ndugu wa OkHttp (laibrari ya kuongea na seva) anaeandika kinachopita humo, nikaongeza kama nilivyoambiwa. Laibrari yangu ya picha, Coil, ilikuja na OkHttp 4, Gradle akaipandisha OkHttp ikawa ya 4 lakini interceptor hakuna alieigusa, ikabaki 3.12. Bildi kijani kabisa, nikawapa akina mama. App inafunguka, daftari linaonekana maana limehifadhiwa kwenye simu, mtu akibonyeza Lipa inajifunga. Mama mwenyekiti akanipigia, "Mwanangu, hiki kitu kinatutupa nje kila tukitaka kulipa, au hela zimeshaenda?" Shikamoo yangu niliitoa kwa aibu siku hiyo.

Hela haikwenda popote. Ni NoSuchMethodError, interceptor ya 3.12 inaita Platform.log kwa namna ya zamani na kwenye OkHttp ile mpya namna hiyo haipo. Nilipoendesha dependencyInsight ya Gradle, amri ya kuonyesha vesheni imetoka wapi, nikaiona peupe, 3.12.0 halafu kishale halafu 4.12.0, na chini yake nani kamleta nani. Nikapandisha interceptor nayo ikawa 4.12.0, ikaisha. Kuna mtu aliniambia weka force (amri ya kulazimisha vesheni) uishushe OkHttp irudi 3.12, sasa hapo si ningeenda kuiua Coil ambayo imeandikiwa ya 4, umeziba tundu moja umetoboa lingine.

Ombi langu kwa hizo kampuni, kupitia gazeti lako: laibrari zenu ziwekeni Maven (hifadhi ya mtandaoni Gradle anakochukua laibrari) zikiwa na pom, faili inayotaja zinahitaji nini na vesheni gani, na Guava ya watu msiishindilie humo ndani. Ikiwa kwenye pom Gradle anaiona, mimi naweza kuipandisha au kuitoa kwa exclude, ila ikishindiliwa ndani ya aar haonekani mtu, unakuja kuijua siku imeshakulipukia mbele ya mteja. Na hizo pdf ziwe na tarehe basi, maana ya kwangu sijui hata iliandikwa lini.

Niliwaandikia haya haya wenyewe. Wakanijibu baada ya wiki mbili, kwa faili jipya la aar, safari hii limeandikwa final2.

Fundi wa app,
Nyegezi, Mwanza