Risala ya Kikundi cha Wanaouguza Wazee Wenye Saratani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, wataalamu wa afya, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi uje kutusikiliza.

Kikundi chetu kilianzishwa na watu waliokuwa wakiuguza wazazi wao nyumbani, bila ofisi wala fungu. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: kila mgonjwa ana daftari la maumivu, na tuna kabati imara lenye kufuli. Kabati hilo tulilinunua kwa ajili ya morfini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Halijawahi kuingia chupa hata moja.

Mheshimiwa, ombi letu ni hilo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani tangu 1986, na morfini imo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mzee akinywa morfini ya maji kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yapande, hupata usingizi na nguvu ya kuzungumza na wajukuu. Wazee wetu wanaambulia parasetamo, au diklofenaki ambayo huumiza tumbo na figo za mtu wa umri huo. Aliyepoteza kumbukumbu hawezi hata kusema panapouma. Tunayasoma maumivu usoni tunapomgeuza kitandani.

Tunaijua hofu ya uraibu. Lakini dozi ikianza ndogo na kupandishwa taratibu, figo zikiangaliwa, na dawa ya kulainisha choo ikitolewa tangu mwanzo, mzee hutulia salama.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea kwa mikono miwili; wa mwaka jana alituhakikishia kuwa linashughulikiwa. Tunawashukuru wote. Baadhi ya wazee waliowapigia makofi siku zile wameshafariki, na walifariki wakilia kwa maumivu.

Tunaomba morfini ya maji ipatikane katika zahanati bila kukatika, na wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi, waruhusiwe kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo, kama Uganda ilivyowaruhusu wa kwao tangu 2004. Tunakuomba kwa unyenyekevu, utakaposimama kujibu, ututajie tarehe na jina la ofisa tutakayemfuata. Katibu ana kalamu mkononi.

Tunaomba kuwasilisha.