Umeniuliza kama panya naye si kiumbe

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na nimeirudia kuisoma kwa ajili ya lile swali uliloliweka mwishoni: panya naye si kiumbe? Mnapata wapi moyo wa kumwaga sumu kisiwa kizima? Sikukasirika. Hata mimi nililiuliza kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kuondoa panya visiwani ili kuokoa ndege.

Kilichonigeuza ni picha za kamera zilizochukuliwa usiku kisiwani Gough, kusini mwa Atlantiki. Kinda wa albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, amekaa kiotani, mnene, ana kilo kadhaa. Panya wadogo, hawa hawa wa majumbani, mmoja hafiki hata gramu 50, wanampanda mgongoni na kumla akiwa hai. Damu nilijiandaa kuiona. Nisichojiandaa nacho ni ule utulivu wake. Hakimbii, wala hawadonoi. Anageuza shingo kidogo, kisha anatulia tena. Mababu zake hawakuwahi kuishi na mnyama anayevizia nchi kavu, basi hajui kwamba hili ni jambo la kupigana nalo. Wazazi wako mbali baharini wanamtafutia chakula. Na yai ni moja tu kwa msimu.

Tena panya hakujipeleka huko. Alifikishwa na watu, kwa meli za wawindaji wa sili, wale wanyama wa baharini. Ndiyo maana siwezi kusema haya ni maumbile, tukae tuangalie.

Tazama Marion, kisiwa cha Afrika Kusini. Mwaka 1949 walipelekwa paka watano kwenye kituo cha hali ya hewa ili wapunguze panya. Kufikia 1977 paka walikuwa karibu 3,400, wakila ndege wapatao 450,000 kila mwaka. Kuwamaliza kulichukua virusi, bunduki, mitego na miaka mingi, hadi 1991. Watu wakapumua. Lakini panya walibaki, na mwaka 2003 wakaonekana wakishambulia makinda. Mwaka 2023 walikutwa albatrosi wazima wameuawa na panya haohao. Kazi ya nusu huko iliwagharimu ndege sana.

Hata ukijitahidi kuimaliza, wakibaki wawili tu, dume na jike, unaanza upya. Gough ilimwagiwa chambo chenye sumu kwa helikopta mwaka 2021; Desemba ya mwaka huohuo kamera ikamnasa panya akipita. Nilipoisikia habari hiyo nililia.

Kuhusu sumu sitakuficha. Inaua kwa siku kadhaa, mnyama akivuja damu ndani kwa ndani. Kisiwani Macquarie, Australia, mwaka 2010, sumu hiyo iliua pia mamia ya ndege waliokula chambo au mizoga. Waliokuwa na kazi ile walisimama, wakapanga upya, wakapunguza kwanza sungura, ambao nao waliletwa na watu, kwa virusi ili mizoga iwe michache, ndipo wakarudi. Mwaka 2014 kisiwa kikatangazwa hakina tena panya wala sungura. Mateso yale yalikuwa na mwisho. Ya makinda hujirudia kila msimu.

Sasa nikusimulie la kwetu. Kisiwa chetu kilishasafishwa zamani, kazi yetu ni kulinda. Asubuhi moja nilifungua kisanduku cha ukaguzi nikakuta kipande cha nta, tunachokiweka ili panya akipita aache alama za meno, kina mikwaruzo miwili sambamba, myembamba. Meno ya panya. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Huenda aliingia ndani ya kasha la chakula. Tulitega, tukazunguka na tochi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku tuliyompata alikuwa amelala mtegoni, manyoya yamelowa umande, masikio membamba mpaka mwanga unapita. Nilimtoa mwenyewe. Sikufurahi, Rehema, na wala sikushangiliwa na mtu. Usiku huo ndege walirudi kutoka baharini, wakaingia mashimoni mwao wakiita, na nilibaki nje nikiwasikiliza mpaka baridi ikanishinda.

Ukija kunitembelea, begi lako litafunguliwa lote kabla hujapanda boti, hadi soli za viatu. Nitalikagua kwa mikono yangu. Nivumilie.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura