Harambee ya Majengo ya Mgodi wa Sekenke: Leteni Chokaa, Saruji Ibaki Dukani

Ndugu zetu wa Iramba, mlio nyumbani na mlio Singida mjini, Mwanza, Dar es Salaam na ughaibuni,

Kuta za stoo ya mgodi wa zamani ziko wazi juu. Mvua za Novemba zikizikuta hivyo, ukuta wa magharibi, ambao umeshaanza kutoa tumbo, hautafika Aprili. Tunaomba vifaa na fedha tuzifunike kabla ya Oktoba kwisha.

Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa 1909, enzi za Mjerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifungia koloni njia ya kwenda Ulaya, dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 zikatolewa sarafu za rupia 15, zile zenye tembo mbele ya mlima. Wakusanyaji wa sarafu wanazijua vizuri kuliko watoto wetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia 1863. Haya yanahitaji tangazo la Waziri. Kuomba tangazo hilo ni kazi nyingine, lakini hakuna maana jengo likishalala chini.

Kuta hizi ni za mawe yaliyojengwa kwa chokaa. Miaka iliyopita zilizibwa nyufa kwa saruji, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo ugonjwa ulipozidi. Chokaa hupumua: maji yakiingia ukutani hutoka kupitia kwenye viungo. Saruji huyafungia ndani, chokaa ya zamani nyuma yake inageuka unga, kisha bamba zima la saruji linabanduka na mawe yake. Kwa hiyo mwenye mifuko ya saruji, tunamshukuru, ila abadilishe.

Kuta za stoo (mita 12 kwa 6) na za ofisi (8 kwa 5) zina jumla ya mita 62. Kuzifunika vichwa na kujaza viungo pande zote mbili kunahitaji mifuko 35 ya chokaa ya kilo 25 na lori moja la tani 7 la mchanga wa mtoni. Paa la stoo linataka mabati 36 ya mita 4, geji 28, kofia za mita 14, na mbao zilizotiwa dawa, maana mchwa wa huku hawabishi hodi.

Mchanga usichotwe kwenye malundo ya mabaki ya mgodi, hata kama uko karibu na ni wa bure. Mabaki ya namna hiyo mara nyingi yana madini ya salfa, ambayo yakipata hewa na maji hutoa tindikali inayokula chokaa. Zebaki nayo huweza kuwemo. Mchanga wa mtoni tutaupima kwa chupa: nusu mchanga, juu yake maji, tikisa, acha saa moja. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, unaoshwa.

Chokaa italowekwa shimoni siku 14, ichanganywe na mchanga moja kwa tatu, na kila tabaka la lipu lisizidi milimita 12. Kiangazi kina upepo mkavu, na chokaa ikikauka haraka hupasuka, kwa hiyo tunahitaji pia magunia 60 ya katani ya kulowesha na kutundika ukutani wiki nzima.

Jambo moja linauma. Chini ya sakafu ya kinu, pale mawe ya dhahabu yaliposagwa, kuna mashimo mapya. Chembe za dhahabu zilidondoka pale miaka mingi, na wanaozitafuta wamechimba mpaka msingi ukaning'inia. Mashimo yatajazwa mawe na udongo wa kichuguu, ukishindiliwa kila sentimita 15. Vyuma vilivyobaki tutavifunga kwa minyororo, kabla wanunuzi wa chakavu hawajavipitia.

Fedha zitalipa mafundi wawili wanaojua chokaa, jukwaa la kusimama mafundi na usafiri wa lori kupanda mlima. Pokeeni stakabadhi ofisi ya kijiji; hesabu itabandikwa ubaoni kila Jumamosi. Vifaa vishushwe shuleni, visiachwe mgodini usiku. Wasio na fedha waje na ndoo, kwa sababu maji ya kuloweshea magunia yanabebwa kwa kichwa.