Jumuiya za walimu zipewe kipindi kwenye ratiba

Mhariri,

Nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili, Morogoro vijijini, mwaka wa 14 sasa. Miaka yote nilisahihisha "mwalimu yangu" kwa kalamu nyekundu, na wiki inayofuata kosa linarudi lilelile.

Dawa niliipata kwenye jumuiya ya ujifunzaji tuliyoianzisha shuleni chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Tulikaa walimu wanne wa lugha, wa Kiingereza akiwamo. Mwenzetu mmoja, mgeni kazini, akauliza: mtoto anasikia "baba yangu", "rafiki yangu" tangu utotoni, kwa nini asiseme "mwalimu yangu"? Tukanyamaza. Kisha tukakata manila vipande, tukaandika rafiki, shangazi, ng'ombe, mpishi, dada, kiboko. Kesho yake wanafunzi wakavipanga mafungu mawili wenyewe, wakibishana mpaka kengele ikalia. Waligundua kwamba "yangu" inafuata majina ya undugu na urafiki, ingawa yote ni ngeli ya A-WA. Binti mmoja akasimama: "Na 'mume wangu' je, mwalimu?" Swali hilo tukalirudisha kikaoni.

Kinachoniuma ni muda. Vikao vinawekwa saa tisa alasiri, tumeshachoka, na mara nyingi vinaahirishwa kwa sababu kuna taarifa za kujaza. Nawasihi wakuu wa shule waiingize jumuiya kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote. Na maofisa elimu wakija, wasianze na daftari la mahudhurio. Wakae nasi, wasikilize tunachobishania.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro