Afya: tusilinganishe nchi kwa asilimia peke yake

Bwana Mhariri,

Kila bajeti ya taifa inapojadiliwa Kinshasa, magazeti huiweka Kongo kando ya Zambia, Rwanda na Tanzania na kuuliza swali moja: nani ameipa afya asilimia 15 ya bajeti, kama marais wa Afrika walivyoahidi Abuja mwezi wa Aprili 2001? Swali ni halali, ila likibaki peke yake linapotosha.

Tupige hesabu ya mfano. Nchi yenye bajeti ya dola bilioni 4 na watu milioni 10 ikitenga asilimia 12, kila mtu anaangukiwa na dola 48. Nchi yenye bilioni 10 na watu milioni 100, kwa asilimia 12 ileile, inabaki na dola 12 kwa mtu. Basi gawanyeni kwanza kwa watu. Hapo nasi tuna kasoro yetu: Zambia ilihesabu watu mwaka 2022 ikapata milioni 19.6, wakati sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Wale milioni 100 wa mfano wakiwa kweli ni 85, dola 12 zinageuka 14 bila serikali kuongeza hata faranga.

Kisha, msichukue bajeti iliyopigiwa kura. Kwetu fedha hupita ngazi nne: kuahidiwa, kuhakikiwa, kuamriwa, kulipwa. Mishahara ndiyo hufika mwisho kwa urahisi zaidi. Ujenzi na vifaa hukwama njiani. Wizara ya Bajeti hutoa majedwali ya ufuatiliaji, na safu ya kusoma ni ile ya malipo. Ukiweka makadirio ya Kongo kando ya matumizi halisi ya Zambia, unalinganisha mbegu na mavuno.

Fedha za wafadhili ziandikwe mbali. Nyingi hazipiti hazina ya serikali, na zikichanganywa zinaweza kuhesabiwa mara mbili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, nchi zilizokuwa zikionekana sawa kwenye jedwali hazikuumia sawa.

Lakini kipimo kinachomgusa mgonjwa wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, ni kingine: nani analipa? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, matumizi yote ya afya Kongo ni takriban dola 20 kwa mtu kwa mwaka, na karibu asilimia 40 hutoka mfukoni mwa familia: fishi (kadi ya kumwona daktari), maabara, dawa, kitanda. Rwanda na Zambia hupita dola 50, na sehemu ya mfukoni ni karibu moja ya kumi. Hiyo haikuja kwa bahati. Zambia ilifuta malipo ya wagonjwa vijijini mwaka 2006. Tangu Oktoba 2019 mfanyakazi hukatwa asilimia 1 ya mshahara kwa bima ya taifa na mwajiri huongeza 1. Rwanda ina mituweli, ambapo kaya huchangia kabla ya kuugua. Huku kwetu mama hutafuta pesa uchungu ukiwa umeshaanza, na wapo wanaozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu ya deni. Huduma ya bure ya uzazi iliyoanza Kinshasa Septemba 2023 itaondoa aibu hiyo pale tu vituo vinaporudishiwa gharama kwa wakati. Vikicheleweshewa, dawa huisha na mgonjwa hutumwa kununua famasi.

Tunaomba basi, mkichapa jedwali lijalo, muweke safu nne: fedha zilizolipwa, kwa kila mtu, za wafadhili, na za mfukoni.

Wafuatiliaji wa bajeti ya afya,
Lubumbashi